MGB ya 1966 inazima kwenye jamu na haiwaki hadi ipoe: kabureta, koili au rejeta?

PaaWazi anauliza:

Wadau, salaam. Gari ni MGB ya 1966, gari dogo la michezo la Uingereza, ile ya wazi. Injini ni 18GB ya cc 1798, kabureta mbili za kampuni ya SU, aina ya HS4, dainamo, betri mbili za volti 6 nyuma ya viti, na umeme bado ni ule wa zamani wa chanya kwenye bodi (yaani ncha ya + ya betri imefungwa kwenye chuma cha gari). Barabara ikifunguka halina neno. Nairobi hadi Naivasha na kurudi, kipimo cha maji kinakaa palepale kwenye 190 (ni kile cha Farenhaiti). Tatizo ni jamu. Likisogea na kusimama dakika ishirini hivi Waiyaki Way, kipimo kinapanda hadi 220, injini inaanza kutetema, kisha inazima. Stata inazungusha vizuri lakini injini haishiki. Baada ya nusu saa inawaka kana kwamba hapakuwa na lolote.

Mengine ya kujua: plagi zote nne ni nyeusi, masizi makavu kama ya chungu cha kuni. Petroli inakwenda kwa kasi. Thamostati ilishatolewa na fundi kwa hoja kwamba huku hakuna baridi. Koili ni mpya, ya dukani, iliwekwa miezi miwili iliyopita. Sasa ushauri ninaopewa ni kung'oa SU zote mbili na kufunga kabureta moja ya saluni ya Kijapani.

Maswali: nizing'oe? Na je, feni ya umeme itamaliza joto la jamu?

---

Cheche:

Karibu, ndugu. Usiondoe kabureta yoyote kabla hujajua kilichoizima injini. Injini ya petroli ikigoma wakati stata inazungusha, imekosa petroli au imekosa cheche, au petroli imezidi hadi plagi zimelowa. Ushahidi wote uko kwenye dakika tano za kwanza baada ya kuzima. Ukingoja ipoe umeshaupoteza. Kwa hiyo weka kwenye buti mita, taa ndogo ya volti 12 yenye waya mbili, plagi moja safi na kizima moto, kisha likizima fanya haya papo hapo.

Fungua swichi bila kugusa stata, usikilize nyuma karibu na gurudumu la kulia, pampu ya SU iko huko. Ikigonga mara chache na kutulia, petroli imefika kwenye mabakuli ya kabureta na huna haja ya kuisumbua. Ikigonga haraka bila kukoma, inavuta hewa, tanki halina kitu, au bakuli moja linafurika. Ikinyamaza kabisa, ipige kidogo kwa mpini wa bisibisi. Ikianza kugonga, pointi zake za ndani zimeungua au waya wake wa kwenye bodi umeshika kutu. Kupima wingi, chomoa mpira wa petroli kwenye kabureta ukiwa mbali na ekzosi, uelekeze kwenye chupa: isipofikisha hata nusu lita kwa dakika, hiyo pampu au chujio lake ni la kushughulikia.

Ukishamalizana na pampu, njoo kwenye cheche. Chomoa waya mnene wa katikati kwenye kifuniko cha distributa (inayogawa cheche kwa plagi), ushike kwa koleo lenye mpira, ncha yake iwe milimita 6 kutoka kwenye chuma cha injini, mtu mwingine apige stata. Cheche ya buluu inayolia ni nzima. Ikiwa ya manjano na nyembamba, au haipo, fungua kifuniko na uunganishe ile taa: waya mmoja kwenye nguzo ya koili inayokwenda distributa, mwingine kwenye chuma cha injini. Zungusha injini polepole. Taa inapaswa kuwaka pointi (vigusio vya ndani ya distributa) zikiachana na kuzimika zikigusana. Isipowaka kabisa, umeme haupiti koili, au kuna waya unaogusa bodi ndani ya distributa. Isipozimika, pointi hazigusani au kile kiwaya laini cha ndani kimekatika. Kile kiwaya ni kikorofi: kinakunjwa kila bamba la pointi linapovutwa na kikopo cha vakyumu, nyuzi zinakatika ndani huku ganda la nje likiwa zima kabisa.

Cheche ikiwa nzuri kwenye waya wa katikati na injini haishiki, mshuku rota (kipande kinachozunguka ndani ya distributa). Shika ule waya milimita 3 juu ya shaba ya rota, kisha achanisha pointi kwa kidole cha mti. Cheche ikiruka kuingia kwenye rota, rota inavujisha umeme kwenda kwenye shafti kupitia ribiti yake. Nunua ile isiyo na ribiti.

Lakini kwanza kabisa, leo kabla ya jua kuzama, pima koili. Toa waya zake ndogo mbili, weka mita kati ya nguzo mbili za kando. MGB ya mwaka wako haina rezista kabla ya koili, kwa hiyo koili inatakiwa iwe na omu 3 hadi 3.5. Zilizojaa madukani nyingi ni za omu 1.5 zilizotengenezwa kwa magari yenye rezista. Zinaingia kwenye kishikilio bila shida na gari linawaka vizuri siku hiyo, ndiyo maana hakuna anayezishuku. Tuletee namba.

---

Jeti90:

Naunga mkono kutozing'oa SU. Kabureta moja ya saluni kwenye injini hii inahitaji manifoldi ya kutengenezwa, na ukimaliza utakuwa na gari zito la kukanyaga na bado linazima.

Plagi nyeusi zina maelezo yake. Hizi gari zilipimwa kiwandani Abingdon, Uingereza, karibu na usawa wa bahari. Nairobi tuko kwenye mita 1,700 hivi, na hewa yetu ni nyepesi kwa asilimia kama 15. Watu husema SU inajirekebisha kwa kuwa pistoni yake inapanda na kushuka kufuata hewa. Inarekebisha nafasi ya hewa, ndiyo, lakini jeti (tundu la petroli) inaendelea kutoa petroli ileile kwa hewa iliyopungua uzito. Mchanganyiko unazidi petroli kwa asilimia 8 au 9 hata kama fundi aliweka namba za kitabu kwa unyoofu kabisa. Ukipanda Limuru inazidi zaidi.

Ila usiguse nati ya jeti kwanza. Mpangilio ni valvu, pointi, taimingi (wakati wa cheche kuruka), kisha kabureta. Ukivuruga huo mpangilio utakuwa unatibu ugonjwa wa distributa kwa bisibisi ya kabureta.

Valvu: injini baridi, nafasi 0.38 mm kwa zote nane. Tumia hesabu ya tisa: valvu ya 8 ikiwa imekandamizwa kabisa rekebisha ya 1, ya 7 ikikandamizwa rekebisha ya 2, na kuendelea, daima jumla iwe tisa. Pointi 0.35 hadi 0.40 mm. Plagi 0.6 mm, NGK BP6ES inafaa. Taimingi ya kusimama ni nyuzi 10 kabla ya pistoni namba moja ya injini kufika juu. Alama za gari lako ziko chini ya puli ya krenki, unalala chini na tochi, pole. Rota inazunguka kinyume na saa, moto ni 1-3-4-2. Kwa urefu wetu unaweza kusogeza hadi 12 au 13, kwa sababu hewa nyepesi inaungua polepole na haigongi haraka. Ukisikia mlio wa njugu (injini kugonga) ukipanda mlima kwa gia ya nne, rudisha.

Sasa kabureta zenyewe. Toa vichujio vya hewa. Kabla ya kufungua kofia zile ndefu za juu ya kabureta, ziwekee alama zote mbili pamoja na pistoni zake, maana kila pistoni ilisagwa kwa kofia yake na ukizichanganya hazitashuka sawa. Osha kwa petroli na kitambaa. Msasa usiingie hapo hata wa nambari laini. Bega la sindano liwe sawasawa na uso wa chini wa pistoni. Rudisha, inua pistoni kwa kidole, iachie: inapaswa kushuka na kugonga kwa sauti ya chuma. Isipogonga, jeti haiko katikati. Pandisha nati ya jeti hadi juu kabisa, legeza nati kubwa ya kufungia iliyo juu yake nusu mzunguko, kandamiza pistoni chini kwa penseli kupitia tundu la juu, kaza, jaribu tena. HS4 za mwaka wako zina sindano ya kusimama wima isiyoyumba, hivyo kazi hii haikwepeki.

Bakuli la floti (boya la kudhibiti petroli): pindua kifuniko juu chini, weka kijiti cha milimita 3 kati ya floti na kifuniko. Floti ikilala sawa juu ya kijiti wakati vali ya sindano imefungwa, umefika. Pengo likizidi, pinda mkono wa floti polepole. Petroli ikisimama juu sana kwenye bakuli hutapata mchanganyiko mzuri hata ufunge nati hadi mwisho.

Mafuta ya juu ya pistoni: oili ya injini ya 20W/50 inatosha, ijae hadi milimita 13 juu ya ncha ya fimbo yenye tundu. Kazi yake ni kuchelewesha pistoni unapokanyaga ghafla, haihusiani na masizi. Tafadhali usimsikilize anayekwambia uongeze mafuta mazito kupunguza petroli.

Kusawazisha: legeza vibanio vya fimbo inayounganisha vipepeo viwili (vali za hewa za kabureta) ili kila kabureta isimame peke yake. Pasha injini moto. Weka ncha ya mpira mwembamba sikioni, nyingine mdomoni mwa kabureta ya mbele, kisha ya nyuma. Rekebisha skrubu za kasi hadi mfoko wa hewa ulingane, injini ikizunguka mara 800 kwa dakika. Kitabu kinaruhusu chini kidogo, ila kwa jamu zetu 800 inasaidia oili, maji na feni kwa pamoja.

Mchanganyiko: anza na jeti iliyo sawa na daraja (uso wa ndani wa kabureta ambapo jeti inatokea), kisha teremsha nati pande 12, yaani mizunguko miwili kamili. Huo ni mwanzo wa kitabu. Kwa Nairobi tegemea kurudi juu pande 2 hadi 4. Jaribio ni kuinua pistoni kwa kile kipini cha chini si zaidi ya milimita 1. Kasi ikipanda na kubaki juu, petroli imezidi, pandisha nati upande mmoja. Ikishuka palepale na kutaka kuzima, petroli ni chache, teremsha. Ikipanda kidogo sana kisha ikatulia, acha. Fanya kabureta moja, nyingine, kisha rudi ya kwanza, maana zinaathiriana. Kila dakika tatu mwongezee injini kasi kidogo kusafisha plagi, la sivyo utasoma uongo.

Dokezo la spana: nati nyingi za gari ni za inchi. Ya 13 itakubali kwenye nusu inchi, lakini usilazimishe spana za milimita kwenye 7/16 na 9/16, utaziviringa kona. Seti ndogo ya inchi inajilipa siku ya kwanza.

---

MajiMoto:

Wenzangu wamesema vizuri, lakini hakuna aliyesimama kwenye ile 190. Thamostati haipo, na bado barabarani kipimo kinasoma 190! Injini nzima isiyo na thamostati, kwa hewa ya hapa na upepo wa Naivasha, ilipaswa kusoma chini zaidi. Maana yake mfumo wa kupoza hauna akiba yoyote. Upepo ukiisha kwenye jamu, umekwisha.

Fanya hesabu. Kwa urefu wetu maji hayangoji nyuzi 100, yanachemka karibu 94. Kifuniko cha rejeta cha psi 7 (kipimo cha mgandamizo), kilichokuja na gari la mwaka wako, kikiwa kizima kinasogeza hadi 107 hivi. Farenhaiti 220 ni nyuzi 104. Una nyuzi tatu tu mkononi. Kifuniko kikivuja, tayari yanachemka ndani na hujui. Badilisha kifuniko kabla ya yote. Cha psi 10 kinakupeleka karibu 111 na injini hiyo inakibeba, mradi rejeta na mipira si mibovu.

Kuipima rejeta: washa hadi ipate moto, zima, pitisha kiganja juu ya wavu wake wote kutoka mbele. Sehemu iliyo baridi kati ya zilizo moto ni mirija iliyoziba. Hii ni rejeta ya shaba, si ya alumini na plastiki, kwa hiyo fundi wa rejeta anaweza kuyeyusha risasi, kufungua tanki la juu na kupitisha bapa la chuma kwenye kila mrija. Mwambie asiishie kumwaga dawa na kupiga maji. Mirija ikiwa imeoza, abadilishe moyo mzima na kurudisha matangi ya asili.

Kwenye bloku kuna bomba dogo la kutolea maji, upande wa distributa, kwa nyuma. Lifungue. Kama hakitoki kitu, usifurahi kwamba maji yameisha: nyuma ya silinda ya nne kumejaa tope la kutu. Choma kwa waya mgumu hadi yatoke, kisha sukuma maji kutoka juu na kutoka chini mpaka yawe meupe. Wengi husafisha rejeta, wakaacha lile tope, na kazi ikarudi baada ya mwezi.

Maji ya kisima usiweke. Visima vingi vya mji huu vina chumvichumvi zinazoacha ukoko. Tumia maji ya betri au ya mvua yaliyochujwa na kulanti yenye glaikoli, theluthi hadi nusu. Chupa isiyotaja glaikoli popote ni maji ya rangi. Mfumo wako unabeba lita 5.4, na kama hita imeunganishwa 5.7. Ukijaza, fungua bomba la hita ili hewa isinaswe.

Thamostati irudi. Ya nyuzi 82 ndiyo ya kawaida, ya 74 ilikuwepo kwa nchi za joto na hapa inafaa pia. Kuitoa hakupozi injini inayochemka kwenye jamu, kwa sababu wakati huo ingekuwa imeshafunguka yote. Unachopata ni injini inayokaa baridi asubuhi, petroli isiyoungua inaosha kuta za silinda na kuingia kwenye oili.

Angalia pia mkanda wa feni, ukibonyezwa katikati ya sehemu ndefu usogee milimita 13 hivi. Mpira wa chini wa rejeta usinywee ukiongeza kasi. Na mabati na sponji zinazoziba pengo kati ya rejeta na bodi ziwepo zote, bila hizo feni inazungusha hewa ileile ya moto.

Jambo la mwisho ni la Cheche na Jeti90 zaidi kuliko langu. Taimingi iliyochelewa inapeleka moto kwenye matundu ya ekzosi na moja kwa moja kwenye maji. Plagi nyeusi haziongezi joto. Taimingi ya kuchelewa inaongeza.

---

PaaWazi:

Asanteni sana. Nimepima.

Koili: omu 1.6. Baada ya dakika kumi za kunguruma haishikiki kwa mkono. Ina alama za + na −, na + imefungwa kwenye waya mweupe unaotoka kwenye swichi.

Pointi: 0.25 mm, zimeungua, upande mmoja una shimo na mwingine kilima.

Taimingi ya kusimama: kwa taa, iko kama nyuzi 3 tu kabla ya juu.

Pampu: inagonga mara tano na kutulia. Lita moja ilijaa kabla ya dakika kuisha.

Rejeta: kona ya chini kushoto ni baridi, kama kiganja kimoja. Kifuniko kina mpira uliopasuka. Bomba la bloku halikutoa tone.

Nyuma ya kabureta kuna bati, lakini kabureta zimefungwa juu yake kwa gasketi ya karatasi tu.

---

Cheche:

Umepata matatu kwa mpigo.

Koili ya omu 1.6 kwenye volti 13 inavuta ampea 8 hivi pointi zikiwa zimefungana. Ya omu 3.2 inavuta 4. Karibu kazi hiyo yote inageuka joto ndani ya koili, hivyo kwenye jamu bila upepo inachemka, waya za ndani zinapoteza nguvu, cheche inanyong'onyea na injini inazima. Ikipoa inarudi. Ndiyo nusu saa yako. Umeme huo mwingi ndio ulioziunguza pointi pia. Nafasi ya pointi ikipungua, zinachelewa kuachana, kwa hiyo taimingi nayo imechelewa, na hapo ndipo MajiMoto anapata joto lake. Kondensa ibadilishe pamoja na pointi: ukipima ipate mikrofaradi 0.18 hadi 0.24. Shimo upande mmoja na kilima upande wa pili ni alama ya kondensa mbovu.

Kisha waya zimegeuzwa. Gari lako lina chanya kwenye bodi, kwa hiyo waya mweupe wa swichi uende kwenye −, na ule mweupe wenye mstari mweusi unaokwenda distributa ukae kwenye +. Ukigeuza, gari linawaka, lakini plagi inahitaji volti nyingi zaidi kuruka, na hiyo inakuumiza hasa injini ikiwa moto. Ukiagiza kifaa cha elektroniki badala ya pointi, hakikisha kimeandikwa ni cha chanya kwenye bodi. Cha kawaida kitaungua ukifungua swichi tu.

Weka pointi kwanza, taimingi baadaye. Kila ukigusa nafasi ya pointi, taimingi inahama.

---

Jeti90:

Kuhusu ile gasketi ya karatasi: kwa kila kabureta kulitakiwa kuwe na kipande kinene cheusi kisichopitisha joto kati ya manifoldi na bati, na gasketi nyembamba kila upande wake. Mtu alikitupa. Bila hicho joto la manifoldi linapanda moja kwa moja kwenye bakuli, na petroli nayo, kama maji, inachemka mapema zaidi huku juu. Ikichemka kwenye bakuli inamwagika kupitia jeti, na plagi zinalowa. Kwenye MGB pampu iko nyuma na inasukuma badala ya kuvuta, kwa hiyo mvuke kunaswa kwenye paipu si jambo la kila siku. Bakuli kuchemka ndilo la kawaida.

Ikigoma ikiwa moto, usikanyage mafuta mara nyingi mfululizo. SU haina pampu ya kurushia petroli, unajichosha mguu. Kanyaga hadi chini, shikilia hapo, piga stata hadi ishike, kisha achia polepole. Choki usiiguse.

---

Spoki72:

Mnisamehe nikiingilia, lakini feni ya umeme haijajibiwa. Si ndiyo njia fupi? Inawekwa mbele ya rejeta, swichi dashibodini, kwisha.

---

MajiMoto:

Si fupi kwa gari hili. Dainamo ya Lucas C40 ikizunguka kwa nguvu zake zote inatoa ampea 22. Injini ikiwa kwenye kasi ya kusimama haitoi karibu chochote, ndiyo maana taa nyekundu inamemeta kwenye jamu. Feni inakula 8 au 10, taa za mbele zinakula kama hizo, na koili yake. Saa za jioni utakuwa unapozea rejeta kwa betri, na zile mbili za volti 6 hazina pa kuchota. Ukitaka feni ya umeme unataka altaneta. Altaneta nyingi zinataka hasi kwenye bodi. Ukigeuza umeme, saa ya mizunguko ya injini ya mwaka huo nayo inataka kubadilishwa waya za ndani, la sivyo haisomi. Anza na kifuniko, bloku na rejeta, kisha uone kama bado unaitaka.

---

ValvuNane:

Nyongeza fupi kwa mwenye gari, kwa kuwa unafungua kifuniko cha valvu. Hedi ya chuma ya 18GB ilitengenezwa enzi za petroli yenye risasi, na eneo letu liliachana nayo kufikia mwanzo wa 2006. Kama viti vya valvu za ekzosi havijawahi kubadilishwa kuwa vya chuma kigumu, valvu huzama polepole, hasa ukikimbiza gari kwa muda mrefu. Dalili ni nafasi ya 0.38 kupungua yenyewe. Andika vipimo vya valvu nne za ekzosi leo, upime tena baada ya kilomita 5,000. Kama zimebana kwa zaidi ya 0.05 mm na safari ya pili hivyo hivyo, hedi iende kwa mafundi wa mashine Industrial Area iwekewe viti vipya. Kama hazijasogea, endesha tu. Ukirudisha hedi, nati zake ni futi-pauni 45 hadi 50, kutoka katikati kwenda nje.

---

PaaWazi:

Ripoti. Koili ya omu 3.2, waya zimegeuzwa, pointi na kondensa mpya, 0.38 mm. Taimingi nyuzi 12. Rejeta imefunguliwa na kupitishwa bapa, bloku imetoa tope la kujaza mtungi wa lita moja, kifuniko cha psi 10, thamostati ya 82. Vipande vyeusi vimewekwa. Kwenye jamu ya saa kumi na moja Waiyaki Way, dakika arobaini, haikuzidi 200 wala kuzima.

Limebaki moja. Kabureta ya nyuma imekaa pande 9 kutoka juu, plagi ya 3 na ya 4 zina rangi ya kahawia. Ya mbele nimepandisha nati hadi juu kabisa na plagi ya 1 na ya 2 bado ni nyeusi. Floti ni milimita 3. Sindano na jeti ni mpya kwa zote mbili.

---

Jeti90:

Hongera. Silinda 1 na 2 zinashiriki tundu moja la kuingizia na zinalishwa na kabureta ya mbele, kwa hiyo umeshapunguza eneo la kutafuta.

Nati ikiwa juu na petroli bado inazidi, jeti haiifuati nati. Injini ikiwa inanguruma, sukuma jeti ya mbele kwenda juu kwa kidole kutoka chini. Ikisogea hata kidogo na mlio ukabadilika, ilikuwa inaning'inia. Aghalabu ni waya wa choki: fundi ameubana ukiwa umekaza, na mkono wa jeti haurudi mwisho. Legeza kile kibanio, hakikisha choki imesukumwa ndani kabisa dashibodini, kisha kaza ukiacha waya ucheze kama milimita 1.5 kabla ya mkono kuanza kusogea. Ikiwa waya ni huru na jeti bado nzito, ile jeti mpya imejipinda kwenye mrija wake wa nailoni. Ichomoe, ipake petroli, izungushe kidogo hadi iteleze yenyewe. Ukishaachia, rudisha nati pande 9 kama mwenzake na uanze jaribio la kipini upya, maana hapo ulipo sasa itakosa petroli kabisa.